Mama Mkwe Ubaoni

Siku waliyofika, kabla hata hajafungua vifungo vya koti, mama mkwe alikuwa ameshawapima wanasayansi wote kwa viatu vyao.

"Yule mrefu, kisigino chake kimelika upande mmoja," alimnong'oneza mkamwana wake. "Huyo anasimama sana, tena ana mawazo. Na yule mama wa miwani, soksi moja nyeusi, moja ya bluu. Ama hana kioo, ama hana muda."

"Mama, jamani, watakusikia."

"Wanisikie. Viatu ni vyao, si vyangu."

Alikuwa ameuza viatu vya mitumba sokoni tangu ujana wake mpaka magoti yalipoanza kumlalamikia, na hakuona sababu ya kubadili macho kwa sababu tu amepandishwa mlimani kukaa na wasomi. Mkamwana alicheka kwa ndani, akamweka sawa mtoto kiunoni, akaingia naye. Mtoto walimwita Kidonge, maana alizaliwa mdogo na mchungu wa kelele, na jina likamganda ingawa sasa mashavu yake yalikuwa kama maandazi.

Mji wenyewe ulikuwa umeng'ang'ania bega la mlima. Barabara zilipanda wima kiasi kwamba ukitoka mlangoni unakutana kwanza na paa la jirani, ndipo umwone jirani. Warsha ilifanyika kwenye jengo lililokuwa zamani kiwanda kidogo cha maziwa. Kuta zilikuwa na vigae vyeupe mpaka kifuani, sakafu ilikuwa na mfereji katikati, na baridi ilikuwa haijapata habari kwamba maziwa yalishaondoka. Kati ya madirisha mawili palitundikwa ubao mkubwa. Chini yake, mfereji ulikuwa mweupe kwa vumbi la chaki.

Mwenye warsha alikuwa mzee mmoja aliyemaliza maisha yake kwenye kuchunguza kuvu, na wote, hata wakubwa wenye vyeo, walimwita Babu Kuvu. Kila mwaka aliwaita watu wachache tu wanaochunguza vitu vidogo: huyu mbu, huyu vumbi, huyu matone ya ukungu. Akiambiwa aongeze viti, alikataa katakata. "Kwenye mikutano mikubwa watu huenda kuonekana," alisema. "Hapa mje mtazamane."

Na alikuwa na sharti lake moja ambalo wageni wapya walidhani ni utani mpaka yawafike. Kila mwanasayansi alikuja na mtu wa nyumbani asiyesomea mambo hayo: mume, dada, mjomba, yeyote yule anayekula naye. Wiki nzima watu wa nyumbani walikaa wapendavyo, wakatembea, wakalala. Lakini alasiri ya mwisho wao ndio waliosimama ubaoni, mmoja mmoja, kueleza kazi ya mtu wao. Na mwenye kazi aliketi kimya. Haruhusiwi kusahihisha wala kukohoa kwa maana.

Mkamwana alipolisikia sharti hilo, aliiona aibu yake kabla haijafika. Angekuja na mumewe kama mume asingekuwa na friji za watu zimejaa uani zikisubiri kutengenezwa. Na kwa vile mtoto alihitaji mtu wa kumshika, akaja mama mkwe. Huyu mama mkwe, tangu siku ya harusi, hakuwahi hata mara moja kumuuliza ukungu unapimwaje, au kwa nini upimwe, au nani amewatuma.

Lakini aibu ya ubaoni haikuwa ndiyo iliyomkosesha raha. Lilikuwepo jambo zito zaidi.

Yule mama wa soksi za rangi mbili ndiye alikuwa mkuu wa kituo cha utafiti alichofanya kazi mkamwana kabla ya kujifungua. Siku ya kwanza tu alimvuta pembeni, karibu na birika la chai. "Nimekushikia nafasi yako kadiri ya uwezo wangu," alimwambia. "Tukishuka mlima huu nataka jibu. Kama hurudi, namchukua mwingine, na wala sitakulaumu. Mimi pia nimelea."

Kurudi alitaka. Alitaka mpaka akawa anaota nyavu zake za ukungu. Lakini nyumba za kulelea watoto mtaani kwao zilifurika mpaka mlangoni, na mtu pekee ambaye angemwachia Kidonge bila roho kuning'inia alikuwa huyu huyu mama mkwe. Na mama mkwe aliwahi kusema, akichambua mchele, tena bila kuinua uso: "Mtoto hulelewa na mama yake." Basi. Neno lile mkamwana alilimeza kama hukumu ya mahakama, na hakulikatia rufaa.

"Muulize wewe," alimsihi mumewe kabla ya safari.

"Mimi? Nikimuuliza ataanza kunikumbusha alivyonibeba miezi tisa jua kali. Muulize wewe, wewe anakupenda."

"Wewe ndiye mwanawe."

"Ndiyo maana namwogopa."

Kwa hiyo wiki yote alizunguka. Usiku alipanga maneno, asubuhi yakayeyuka. Siku moja walikuwa wawili tu jikoni, mtoto kasinzia, mvuke umeziba dirisha, nafasi nzuri kama ya kutengenezewa. Akapiga moyo konde.

"Mama, hivi..."

"Hivi nini?"

"Hivi... chumvi iko wapi?"

Mama mkwe alimtazama mkononi. "Umeishika, mwanangu."

Ikafika alasiri ya mwisho. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirisha yakawa meupe kama vigae. Watu walijipanga kwenye viti, vikombe mapajani. Akatangulia mume wa mama wa vumbi, dereva wa lori, jitu la miraba minne, akashika chaki kama anashika sindano. Alieleza kwamba mkewe hukusanya vumbi kutoka juu ya makabati ya watu na kulipeleka kulitazama kwa darubini. "Kwetu sasa hakufutwi," alisema kwa uchungu. "Nikipangusa meza naambiwa nimeharibu ushahidi." Watu walivunjika mbavu, na mkewe alificha uso kwa daftari.

Alipomaliza, Babu Kuvu alimuuliza swali alilomuuliza kila mtu wa nyumbani, mwaka baada ya mwaka: "Na kazi yake ili iende mbele, anahitaji nini?"

Dereva alifikiri. "Anahitaji mtu amwambie saa ya kula imefika. Nikiwa safarini, hali kitu."

Hapo hakucheka mtu.

Akaitwa mama mkwe. Alijifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akapita mbele taratibu kwa ajili ya magoti. Mkamwana alimpakata Kidonge akamkumbatia kwa nguvu, kana kwamba yeye ndiye aliyeitwa ubaoni.

"Mimi sijui kuchora," mama mkwe alianza, "na mkiniuliza namba nitawaambia bei. Lakini kazi ya huyu naijua, kwa sababu anamweleza mtoto."

Mkamwana akainua kichwa.

"Ndiyo. Akimwogesha anamweleza. Akimlisha uji anamweleza. Mume wake akielezwa analala, mwanangu yule namjua, usingizi wake uko karibu. Basi anamweleza huyu Kidonge, nami niko chumba cha pili nakunja nguo. Nikimaliza kuzikunja nazikunjua, nazikunja tena, mpaka nisikie mwisho wake."

Kicheko kikapita chumbani. Mkamwana hakucheka.

"Anatundika nyavu mlimani," mama mkwe aliendelea, "ili ukungu ukipita uache maji, na maji yale watu wanywe. Sasa, ukungu una matone, na matone hayataki kukamatwa. Chukulieni sokoni kwangu. Njia ni nyembamba, watu wanatiririka. Akisimama katikati muuzaji mnene kama mimi, watu wanamwona toka mbali, wanajigawa, huyu kulia, huyu kushoto, wanampita wala hawamgusi. Lakini akisimama kijana mwembamba, hawamtambui mapema. Wanashtukia wameshamkumbatia. Ndiyo nyavu. Uzi mnene upepo unaukwepa mapema, na tone linakwenda na upepo. Uzi mwembamba, tone linajikuta limenasa. Kwa hiyo huyu anatafuta uzi mwembamba usiokatika. Hiyo ndiyo kazi."

Mtaalamu wa mbu alijipiga goti kwa furaha. Mama mkwe akanogewa.

"Na yanayokwepa zaidi ni matone makubwa, kwa sababu yana akili za kikubwa..."

Mkamwana alishtuka kitini kama aliyekaa juu ya pini. Babu Kuvu akaweka kidole mdomoni. Mkamwana akajibana midomo, akakodoa macho darini, akajikuna shingo.

Mama mkwe alimtupia jicho. "Namwona mwanangu anajikuna shingo. Akijikuna shingo nimekosea. Basi ni madogo. Madogo ndiyo yanayokwepa."

Shingo ilitulia. Kicheko safari hii kilirudi kwenye vigae kikawa kikubwa mara mbili, na Kidonge, aliyedhani anashangiliwa yeye, akapiga makofi na kipande cha chaki alichokiokota Mungu anajua wapi.

"Na ili kazi yake iende mbele," Babu Kuvu aliuliza, akipangusa machozi, "anahitaji nini?"

Mama mkwe aliiweka chini chaki aliyokuwa ameishika bure. Alijifuta vidole kwenye sketi, kimoja baada ya kingine.

"Anahitaji mtu wa kukaa na mtoto," alisema.

Mkuu wa kituo alitazama soksi zake.

"Na mtu huyo yupo. Amefunga meza yake sokoni, anakaa nyumbani anahesabu kuku wa jirani. Lakini hajaombwa. Wiki nzima nangoja niombwe. Ananijia, anafika hapa, nauona mdomo unafunguka, halafu puu, kapita pembeni. Kaniuliza chumvi nayo kaishika mkononi! Nikajiambia, kumbe mimi ndiye uzi mnene. Mtoto wa watu ananiona toka mbali."

"Mama..." mkamwana alinyanyuka.

"Mwenye kazi haruhusiwi kusema," mtu mmoja alidakia, na akakanyagwa mguu na jirani yake.

"Mwacheni aseme," alisema Babu Kuvu. "Sharti ni langu, nalivunja mwenyewe."

Mkamwana alikuwa amesimama na mtoto mkononi, mbele ya watu wote hao, na maneno yote mazuri aliyoyapanga usiku hayakuja hata moja.

"Mama, nakuomba ukae na Kidonge nirudi kazini. Nilidhani hutaki. Ulisema mtoto hulelewa na mama yake."

"Nilisema lini mimi?"

"Ulikuwa unachambua mchele."

Mama mkwe alikunja uso, akirudi nyuma kuutafuta mchele huo kwenye kumbukumbu. Kisha akajipiga paja. "Ah! Nilikuwa namsema yule jirani aliyeniachia watoto wake watatu akaenda saluni mpaka magharibi! Jamani, mwaka mzima umebeba maneno ya jirani?"

Mkamwana alicheka na kulia kwa wakati mmoja, kilio kile cha pua, kisicho na heshima. Kidonge alimtazama kwa mashaka.

"Lakini sikilizeni," mama mkwe aliinua kidole, maana hakuwa mtu wa kutoa bidhaa bila kuelewana. "Mimi nina magoti. Jumatatu mpaka Jumatano mtoto ni wangu. Alhamisi na Ijumaa napumzika. Na mtoto ana baba, hakuokotwa. Nipeni simu."

Akapewa. Ikaita, na kwa kuwa ilikuwa kwenye spika naye hakujua kuibadili, kila mtu alisikia.

"Mama? Kuna nini? Kidonge hajambo?"

"Hajambo, anakula chaki. Wewe Alhamisi na Ijumaa unafanya nini?"

"Friji, Mama."

"Friji zinalia zisipobebwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi kuanzia mwezi ujao, siku hizo mbili utakuwa na mtoto hapo uani. Mkeo anarudi kwenye ukungu wake."

"Lakini Mama, wateja wangu..."

"Mimi niliuza viatu na wewe mgongoni, ukinikojolea mpaka kwenye bidhaa. Niendelee? Hapa kuna watu."

"Watu gani? Hapana, Mama, usiendelee. Nitakaa naye." Kisha, baada ya kidogo, sauti yake ikalainika. "Mwambie mke wangu nimefurahi. Nilitaka kumwombea mimi, niliogopa."

"Najua uliogopa. Nimekuzaa mimi." Akakata.

Chumba kizima kilikuwa kimesimama kwa makofi. Mkuu wa kituo alivuka mfereji, akaja mpaka mbele ya mkamwana, na hakuuliza kwa maneno, aliinua nyusi tu.

Mkamwana alikuwa ametamani kulitoa jibu lile kwa heshima, kwa sauti ya mtu wa kituo. Badala yake lilimtoka huku kidole chake kikitafuta chaki ndani ya shavu la mwanawe. "Mwezi ujao. Jumatatu ya kwanza. Kidonge, tema!"

"Nimelipokea," alisema mkuu wa kituo, na chaki akaipokea pia, imelowa mate, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Mama mkwe alirudi akaketi. Mkamwana akaishika mikono yake yote miwili. Mbele, mjomba wa mtaalamu wa mbu alikuwa ameshaanza kuwaeleza watu jinsi nyumba yao ilivyojaa ndoo za mbu zenye majina.

"Nimekuaibisha?" mama mkwe alinong'ona.

"Hata kidogo, Mama."

"Yale matone. Kwa nini makubwa hayakwepi?"

"Ni mazito. Upepo ukipinda kona, yenyewe hayawezi kupinda haraka, yanakwenda moja kwa moja yanagonga uzi. Ni kama..."

"Usimweleze mtoto," mama mkwe alimkatiza, akimchukua Kidonge na kumgeuza uso upande wa pili. "Nieleze mimi. Anza mwanzo."