Ujira wa Kuota Maji

Mume wangu Mboje anachimba visima, lakini maji nayaota mimi. Sijigambi. Nikilala naingia chini ya shamba la mtu kama ninavyoingia jikoni kwangu. Huko kumetulia, kuna ubaridi, udongo mweusi unanipisha, mchanga unanipisha, halafu nayasikia maji yanatembea polepole, yana haya kama bibi harusi. Asubuhi namwambia Mboje, chimba pale penye kichuguu. Yeye akifika kwa mwenye shamba anagonga chini kwa kisigino, anafumba macho, anasema, "Hapa." Watu wanamsifu. Mimi niko nyuma yake nimebeba ndoo.

Basi mwaka huu akakadiriwa kodi ambayo tusingeiweza bila kumuuza ng'ombe wangu mweupe, niliyeachiwa na mama. Ng'ombe yule nilimpenda, sifichi. Jirani yetu hapa Somanda, Muksini muuza nondo, akamwambia Mboje kwamba fundi anayejiajiri akitunza hesabu zake vizuri, gharama za kazi zinatolewa kwanza, ndipo kodi inapigwa kwenye kinachobaki. Kamba, sululu, saruji, hata ujira wa wasaidizi.

Mboje akarudi nyumbani anachekacheka. "Mama Thomasi, nimekuandika."

"Umeniandika wapi?"

"Kwenye gharama. Ujira wa mtafuta maji. Wakikuuliza, wewe kubali tu, ng'ombe wako anapona."

Nilifurahi, jamani. Furaha ilinijaa mpaka mboga ikaungua.

Tukaenda ofisi ya kodi. Afisa alikuwa binti mpole, Yasmini, amejitanda ushungi wa bluu. Feni ilizunguka, sauti za watu zikawa mbali, macho yakaanza kunilemea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee anasema kila kisima anakulipa. Ni kweli umekuwa ukipokea?"

Mboje akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikamwona ng'ombe wangu amesimama pale pale ofisini, kati ya viti, anacheua bila wasiwasi. Nikafungua mdomo niseme ndiyo, ndiyo ikakwama. Maana nikisema ndiyo, basi nimelipwa. Visima vyote vya Lalago, vyote vya Maswa, kila asubuhi niliyoamka miguu imekufa ganzi kwa baridi ya chini, vyote vimelipwa, na mimi sina tena cha kudai mpaka nazikwa. Wanasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi naambiwa niseme nimeshapewa!

"Hapana, mwanangu. Sijawahi kupokea hata mia."

Yasmini akaukata kwa kalamu ule mstari wa ujira wangu taratibu, hakutufokea. Kamba zilikubaliwa, sululu zikakubaliwa, zilikuwa na risiti. Mimi nikatolewa. "Akikulipa kweli, mama, mwakani utahesabiwa," akasema.

Ng'ombe akapelekwa mnadani. Nilimkumbatia shingo nikalia, wala sikujali wanaonitazama. Baada ya hapo Mboje akawa anaishi nyumbani kama mgeni, anakula, anashukuru, anatoka. Sikumhurumia.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, mkulima mmoja wa Lalago, Constantine, akatuita. Tulikuta majirani zake wamejaa, maana kisima ni cha wote. Mboje akapewa pesa ya kianzio, akasogea katikati ya shamba, akainua kisigino. Kisha akakishusha bila kugonga.

"Mimi ni mchimbaji tu," akawaambia. "Maji anayajua mke wangu. Na sijawahi kumlipa."

Akahesabu noti kutoka kwenye ile pesa, mbele ya watu wote, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Hee. Nimesimama na noti mkononi, kijiji kizima kinanitazama mdomoni, na mimi tangu ng'ombe aondoke sijaota chochote. Kichwa kikavu kabisa. Niliona aibu, lakini kuwadanganya sikutaka.

Nikamwomba mke wa Constantine mkeka. Nikautandika palepale shambani, jua la asubuhi bado lina upole, nikajifunika kanga usoni. Watoto wakaanza kucheka. Mtu mmoja akauliza huyu mama anaumwa nini.

Nikamsikia Mboje anafukuza kuku, anawasogeza watu nyuma mmoja mmoja, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Jamani, nyamazeni. Mke wangu yuko kazini."