Jembe Chini ya Jivu

Kila kiangazi kwaya moja ya Kasulu hupanda milimani kucheza mchezo wa hazina. Mwalimu Claude hutangulia kufukia makopo yenye sabuni na leso, halafu vikundi vinatafuta. Mwaka huu walirudi kwenye kilima kimoja upande wa Kibondo, palipokuwa na kambi ya wakimbizi, na Dorcas hakwenda kwa ajili ya sabuni.

Alikulia kambini hapo miaka tisa. Siku kambi ilipofungwa wakaambiwa wapande malori bila mizigo, mama yake alifukia jembe chini ya meko, maana nani atapekua jivu? Lilikuwa jembe la mahari. Babu alimkabidhi mama siku mama alipoolewa. Sasa Jumamosi mdogo wake Dorcas, Prudence, anaolewa, na mama kasema binti hatoki mlangoni bila jembe lile mkononi.

Dorcas alidhani kazi ni ndogo: tazama mafiga, chimba. Kufika, akakuta meko kila mahali.

"Haya yote ya nani?"

"Yetu," alisema Melkiadi, mpiga ngoma. "Mwaka jana kila kikundi kilichoma mahindi yake. Mawe tuliyakuta yamepangwa matatu matatu, tukayabeba tu. Utaacha vitu vya bure?"

Basi mawe yalikuwa yamehama, hayana la kumwambia. Dorcas akachuchumaa penye doa jeusi, akachimba kwa ncha ya panga. Weusi kina cha kidole tu, chini udongo wa kawaida. Doa la pili vilevile. Hapo akashikwa na hamu ya kujua. Ikiwa moto wa siku moja unaunguza hivi, moto wa miaka tisa umeunguza mpaka wapi?

"Dada, umeacha makopo, unapima vidonda vya ardhi?"

"Shika panga, Melkiadi. Mdomo upumzike."

Doa la kumi na moja lilikuwa jekundu, gumu kama tofali, nusu yake imelala chini ya kuni za Claude. Kiberiti kilikuwa mkononi mwake tayari.

"Mwalimu, hapa usiwashe."

"Watu wana njaa, dada."

"Washa mmoja tu, juu ya hilo bati mlilobebea kuni. Tandika udongo kwanza, ardhi isiungue."

"Kwaya nzima, moto mmoja?"

"Mimi natafuta meko ya mama yangu katikati ya mahindi yenu, mwalimu."

Claude alimtazama, kisha akahamisha kuni. Wenzake wakajaza udongo kwenye bati, wakawasha. Dorcas alichimba mpaka kiwiko kikazama, panga likagonga chuma. Mpini ulikuwa umeoza wote. Jembe lilikuwepo, limeliwa na kutu pembeni, akalifunga kwenye kitenge na kufukia shimo.

Claude alisogea taratibu. "Sisi nasi kambini hapa tulikaa upande wa bomba la maji. Bibi alifukia sufuria, hakutuambia wapi."

"Udongo mwekundu," Dorcas alimwambia. "Mweusi ni wenu."

Claude akaanza na pale pale penye bati, upande huo wa bomba. Mtu mwingine naye akakumbuka kwao, na mwingine. Moto ulibebwa na bati lake kwa miti, huku na huku, mara tatu kabla mahindi hayajaiva.