Bendera ya Geti la Nane

Bendera ya Geti la Nane, kundi la mashabiki wa timu yetu, ilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili, na niliishona mimi, kwa cherehani ya marehemu mama yetu. Nyekundu na nyeupe, shakwe katikati, na namba nane yenye ukubwa wa mlango. Ilinichukua majira mazima ya baridi. Mdogo wangu Argiris alikuwa akikaa chini, miguu kakunja, akinishikia kitambaa kisigusane na sakafu.

"Areti, isiguse chini, dada. Ikigusa chini imekufa."

"Argiris, ni kitambaa."

"Kwako."

Alikuwa ndiye mtunza bendera. Kwetu bandarini, kazi hiyo haipewi mtu kwa kelele zake uwanjani. Hupewa mtu asiyelewa, asiyesema ovyo, mwenye nyumba ya kuaminika. Sheria zilikuwa tatu: bendera haigusi chini, haifuliwi, na haiachwi peke yake. Na juu ya zote tatu kulikuwa na moja iliyojulikana na kila mtu Ugiriki nzima: wapinzani wakiichukua bendera yenu, kundi limekwisha. Mnashusha kibao, mnafunga klabu, mnakwenda nyumbani. Hakuna mjadala.

Timu yetu, Glaros, ilianza msimu ule kama iliyologwa pande mbili. Kwenye kombe la Ulaya ilikuwa inashinda. Kwenye ligi ya nyumbani ilikuwa inakufa. Agosti iliwatoa Waslovakia kwa penalti, na watu wazima wakaruka baharini na nguo zao. Wiki hiyohiyo ikafungwa na timu iliyopanda daraja juzi. Ikaendelea hivyo: Alhamisi sherehe, Jumapili msiba.

Novemba walikuja Waholanzi. Mashabiki wao walikunywa gatini tangu asubuhi, na saa saba mchana Geti la Nane likawafuata. Niliona kwa macho yangu kutoka dirishani kwa mteja niliyempelekea mapazia. Viti vya mikahawa viliruka. Mtu mmoja mnene, mwekundu kama pweza, alikuwa akipigwa na watu wanne huku bado kakumbatia glasi yake. Mienge ya moto ilitupwa chini ya magari. Argiris alirudi kidole kimevunjika na damu ya mtu mwingine kwenye kola.

"Damu ya nani hii?"

"Hakuniambia jina."

Nilicheka. Leo naandika kwamba nilicheka.

Wakubwa wa soka ya Ulaya wakatufungia uwanja mechi mbili. Mahakama ikampa Argiris adhabu yake: kila Glaros inapocheza, popote inapocheza, yeye awe kituo cha polisi, asaini, akae hapo mpaka filimbi ya mwisho. Ikawa timu ikisafiri, bendera inasafiri na Stathis, mkuu wa Geti, kisha inarudishwa kwetu. Na siku za mechi, Argiris akiwa kituoni, mlinzi wa bendera nilikuwa mimi.

Desemba tulikuwa wa mwisho kwenye ligi. Stathis na watu wake waliingia uwanja wa mazoezi, wakawapanga wachezaji mstari mmoja na kuwavua jezi. "Vua. Hustahili. Na wewe vua." Beki mmoja, kijana wa kisiwa cha Kreta, akajibu. Akapigwa kofi, kisha la pili, kisha teke la goti, na hakucheza tena mpaka Machi. Gari la kocha lilivunjwa vioo vyote, akaondoka nchini bila kuchukua mbwa wake. Watu walisimulia hayo wakinunua samaki, kama wanavyosimulia mvua.

Februari tukacheza Denimaki, mechi ya kwanza kati ya mbili za mtoano, tukashinda moja bila. Ijumaa asubuhi Stathis aliileta bendera ndani ya mfuko wa turubai. Ilinuka moshi, bia, matope na mikojo.

"Isalimie, dada Areti. Imetoka vitani."

"Imetoka chooni," nikamwambia.

Jumapili yake ilikuwa mechi ya ligi dhidi ya Kiklopas, jina la jitu la jicho moja, wa ng'ambo ya reli. Wao hutuita kuku wa bahari, sisi huwaita vipofu nusu. Mechi ilikuwa kwao, saa tisa alasiri, na kwa miaka mingi mashabiki wageni hawaruhusiwi kuingia mechi ile. Kwa hiyo bendera haikuwa na kazi. Ilikuwa nyumbani na mimi, na Alhamisi uwanja wetu ungefunguliwa, Wadenimaki wangekuja kwa marudiano, nchi nzima ingetazama.

Argiris alipotoka saa nne asubuhi kwenda kituoni, maana siku za mechi ile walimtaka mapema, nililijaza beseni maji.

Nilijua sheria. Niliiona ni utoto. Mimi ni mshonaji, na kazi ya mikono yangu ilikuwa inanuka mikojo mbele ya watu. Niliifua kwa sabuni ya kipande, maji yakatoka meusi mara sita. Nikaibeba hadi juu ya paa la jengo, tunakoanika sote, nikaikunja mara nne juu ya kamba tatu, upande wa ndani ukiwa nje ili yeyote asione maandishi. Jua lilikuwa kali. Nikashuka kutazama njegere zangu kwenye tanuri.

Sikufikiri kwamba kitambaa kikilowa huonyesha. Kutoka jengo la jirani, ile nane ilionekana kama imechorwa kwenye kioo.

Nilisikia miguu ikishuka ngazi mbiombio, nikadhani ni watoto wa ghorofa ya nne. Nilipopanda, kamba mbili zilikuwa zimekatika, vibanio vimetawanyika, na kwenye kamba ya tatu kibanio kimoja kilikuwa bado kimeuma kipande chekundu kilichochanika, upana wa kiganja. Nilikaa pale chini kwenye saruji nikikitazama.

Yaliyotokea kituoni nilisimuliwa baadaye na askari mwenyewe, siku ya mazishi. Walikuwa wakitazama mechi kwenye televisheni ndogo, yeye na Argiris, wakigawana mbegu za maboga. Tulikuwa tumeshafungwa matatu. Dakika ya sabini na nane, jukwaa lote la Kiklopas likafunguka katikati, na bendera yetu ikashuka, kichwa chini, miguu juu. Shakwe akining'inia kama kuku aliyechinjwa. Kisha wakaiwasha.

Argiris akasimama.

"Kaa, kijana," askari akamwambia. "Bado dakika kumi na mbili. Ukitoka sasa nakuandikia."

Akakaa. Alikaa mpaka filimbi ya mwisho, akasaini, akasema asante.

Nyumbani hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Niliifua," nikasema. "Niliianika juu."

Aliupiga ukuta kwa kichwa, mara moja, nikasikia mpaka kwenye meno yangu. Kisha akanawa uso.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza. Bendera ilikuwa kwenye gari. Niliiacha kwenye gari mbele ya kituo, wakavunja kioo. Umesikia? Gari."

"Nitawaambia mimi mwenyewe. Stathis ananijua tangu mdogo."

"Stathis atafanya nini, atakupiga wewe? Hawezi. Basi watakuja kukutemea mate dirishani mpaka uzeeke. Wewe ulikuwa unapika, Areti. Kitu gani hicho kinanukia?"

"Njegere."

"Ulikuwa unapika njegere."

Alishuka, akavunja kioo cha gari lake mwenyewe kwa jiwe, akaenda klabu.

Walimpiga pale klabu, watu aliokua nao, mbele ya picha za timu za zamani. Kwanza mmojammoja, kama foleni, kisha wote. Alirudi akitambaa ngazi, sikio limechanika, meno mawili hayapo, mbavu zikilia akipumua. Alikataa hospitali. Nilichukua beseni lilelile nililofulia, nikamwosha. Alinitazama akasema kwa mdomo uliovimba, "Na mimi usinianike juu." Akacheka, akatema damu.

"Wamefunga Geti?" nikamuuliza. Moyoni niliomba aseme ndiyo. Wakifunga, imekwisha, atabaki na aibu tu.

"Walipaswa. Wazee walisema kibao kishushwe leoleo. Stathis akakataa. Alhamisi ni mechi kubwa kuliko zote kwa miaka thelathini, nani atakubali kukaa nyumbani? Amesema sheria ingoje mpaka Alhamisi. Nikileta bendera ya Kiklopas kabla ya hapo, tumelipana."

"Nikileta? Wewe?"

"Nani aliipoteza, dada?"

Nilikwenda kumwaga maji ya beseni.

Bendera ya Kiklopas ilisemekana iko kwenye duka la matairi, ng'ambo ya reli. Jumanne saa kumi na moja, jua bado liko, alivaa kofia yake ya pikipiki juu ya sikio lililofungwa bandeji, akaipanda. Nilimshika mkono wa koti. Nilimwambia nitashona nyingine, nzuri zaidi, kabla ya Alhamisi. Alinibusu utosini kama vile yeye ndiye mkubwa.

Walikuwa wanamngoja. Watu sita, nondo na kisu kimoja. Walimwangusha na pikipiki ikamlalia mguu. Kofia ilimwokoa kichwa, walipiga mpaka ikapasuka na kichwa hakikuguswa. Kisu kiliingia pajani, juu, mahali ambapo damu haingoji. Alikokota mwili wake mpaka kwenye kibanda cha magazeti, mita ishirini. Mama mwenye kibanda alimkandamiza jeraha kwa bunda la magazeti ya michezo ya siku ile, na magazeti yakalowa moja baada ya jingine. Aliniambia Argiris hakuita jina lolote. Aliuliza tu kama pikipiki imezimwa.

Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Alhamisi walisimama kimya dakika moja kwa ajili yake, kisha wakaimba jina lake dakika tisini. Nilikuwa nimekaa karibu na jeneza, madirisha yamefungwa, na bado nililisikia. Tulishinda mawili kwa moja. Tukaingia robo fainali. Usiku ule magari yalipiga honi chini ya nyumba yetu, kwa heshima, walisema.

Aliyemchoma alikamatwa, kijana wa miaka kumi na tisa, akapelekwa rumande. Machi tukafungwa kila Jumapili. Ilikuwa hakika kwamba tunashuka daraja. Na kila tulipofungwa, vibanda viliungua, mikono ilivunjwa, na kila mkono uliovunjwa ulivunjwa kwa jina la kaka yangu.

Siku ya thelathini na tisa nilikuwa nikichemsha ngano ya arobaini, ile tunayoigawa kanisani na sukari na zabibu, Stathis alipobisha. Alikuwa peke yake, kabeba gombo la kitambaa begani. Nyekundu na nyeupe.

"Dada Areti, tunataka nyingine. Yenye uso wake. Robo fainali, Wareno wanakuja, nchi nzima itamwona."

Sikugeuka kutoka jikoni. "Weka hapo."

"Na kesho, baada ya ibada, tutakuwa na safari fupi. Nataka ujue kabla, usisikie mitaani. Yule mtoto aliyemchoma yuko ndani, hatumfikii. Lakini ana kaka yake, ana tanuri la mkate kule mtaa wa reli."

"Shabiki?"

"Hapana. Mikate tu."

"Basi kwa nini?"

"Argiris naye alikuwa kaka wa mtu," akasema. "Dada, angeacha bendera kwenye gari au asiache, alikuwa mtu wetu. Tumemsamehe."

Neno hilo ndilo lililonigeuza. Nilizima moto. Nilikwenda kwenye sanduku la vifungo, nikatoa kile kipande, bado kikiwa na kibanio chake, nikakiweka mezani juu ya kitambaa chake kipya.

Alikitambua mara moja. Alikuwa ameibeba bendera ile miaka minane.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye kamba ya nguo. Niliifua, Stathis. Niliianika mimi. Kioo cha gari alikivunja mwenyewe, kwa jiwe, ili msinitemee mate."

Alinusa kipande. Bado kilikuwa na harufu ya sabuni. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, na kwa muda mrefu alikitazama kiganja chake cha kulia, akikifungua na kukifumba.

"Tulimpiga saa nzima," akasema. "Nilimuuliza mara tatu. Uliiacha wapi? Kwenye gari. Uliiacha wapi?"

"Najua."

"Mimi ndiye niliyemng'oa meno."

"Najua. Nilimwosha."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Kwa nini hukufunga Geti siku ile? Sheria ilikuwa yenu, si yangu. Mngeshusha kibao Jumapili, Jumanne angekuwa hapa ananishikia kitambaa. Wewe ulitaka Alhamisi, mimi nilitaka usafi. Yule wa mikate alitaka nini?"

Stathis alichukua mkasi wangu mkubwa, nikafikiri vibaya, nikarudi nyuma hatua moja. Akalikata gombo lile katikati, kisha tena, kisha tena, vibaya, kama mtu asiyewahi kushika mkasi, mpaka hakukuwa na kipande cha kutosha hata shati. Akaondoka na kibanio mkononi. Kipande chekundu aliniachia.

Kesho yake walikuja ibadani watu mia mbili, bila mienge, bila nyimbo. Walipokea ngano kwenye vifuko vya karatasi, wakala wamesimama. Hakuna aliyevuka reli. Jumatatu kibao cha Geti la Nane kilishushwa, na Stathis akawaambia sababu ni ile ya Februari: bendera ilichukuliwa, kundi limekwisha. Jina langu hakulitaja. Kuna waliomwita mwoga, na mmoja alimvunja pua mbele ya kanisa. Hakurudisha pigo.

Wareno walitufunga matano bila, na nyuma ya goli viti vilikuwa vitupu. Mei tukashuka daraja.

Bado naanika nguo juu ya paa, asubuhi, kwenye kamba mpya. Ng'ambo ya reli kuna bomba la moshi la tanuri. Sijawahi kununua mkate pale, na sitanunua. Lakini kila nikipanda na beseni, kabla sijabana kibanio cha kwanza, natazama kama moshi unatoka.