Mlipuko wa Kumi

Walihesabu milipuko kwa vidole, kama ilivyo desturi ya machimbo yale ya mawe. Mlipuko mmoja, kidole kimoja kinakunjwa. Asubuhi hiyo mwamba ulitobolewa mashimo kumi, yakashindiliwa baruti, tambi zikawashwa, na wapasua mawe kumi na wanne wakajibanza nyuma ya kontena bovu. Vumbi lilipoanza kutua, msimamizi alitazama mikono yake. Kidole kimoja kilikuwa bado kimesimama.

"Kumi," alisema baba yake mdogo, mkongwe kuliko wote pale. "Miwili imelia pamoja."

"Kumi," wakaitikia wengine, haraka mno.

Haraka hiyo msimamizi aliielewa. Wiki nzima tetesi zilizunguka kwamba machimbo yatafungwa, kwamba mwenye mali anatafuta kisingizio tu, kwamba atakayekutwa amekaa bure ndiye wa kwanza kuondoka. Lori la mteja lilikuwa getini na dereva anapiga honi. Nani angetaka kuhesabu tisa?

Msimamizi huyo, mwanamke, alikuwa na siku kumi na tisa tu za usimamizi. Walimkabidhi filimbi baada ya msimamizi wa zamani kuondoka bila kuaga mtu, jambo ambalo hakuna aliyependa kulizungumzia. Na baba mdogo ndiye aliyemlea, akamfundisha hata namna ya kushika nyundo. Kumwambia hapana mbele za watu kulimshinda.

"Tusubiri kidogo," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Tusubiri nini, mwanangu? Njaa?"

Watu wakacheka. Wakasubiri hata hivyo, nusu saa, kisha saa nzima. Hapakuporomoka hata kokoto moja, na kimya kile hakikumpendeza hata kidogo. Simu yake ikaita. "Mbona sisikii nyundo?" aliuliza mwenye mali, akakata kabla hajajibiwa.

Hapo ndipo alipokosea. Badala ya kumkatalia mzee wake, aliona afadhali akajionee mwenyewe. Akavuka kamba nyekundu iliyozungushiwa mwamba, peke yake, akijiona jasiri, maskini wa Mungu. Kumbe alikuwa anakimbia maneno.

Shimo la kumi lilikuwa konani, kwenye ubavu wa jiwe kubwa lililopasuka nusu. Utambi ulikuwa umeungua kidogo tu, ukazimika. Baruti ilikuwa bado imo ndani, nzima.

Ndipo akasikia nyayo. Akageuka, akakumbuka kitu ambacho hata mtoto wa pale alikijua: machimboni hapo hakuna msimamizi aliyewahi kusema "ingieni." Msimamizi akivuka kamba, ndiyo ruhusa yenyewe. Wote kumi na wanne walikuwa wamemfuata. Baba mdogo, ambaye siku zote hujichagulia jiwe kubwa kuliko yote, alikuwa upande wa pili wa jiwe lile lile, nyundo iko juu ya kichwa.

"Usipige!"

Nyundo ikasita hewani. "Unanifokea mimi?"

"Wewe. Usipige, usiitupe, usisogee. Baruti iko hapa." Akawageukia wengine. "Nyote, rudini mlikopita, mmoja mmoja. Ole wake atakayekimbia."

Hakuna aliyecheka. Wakaanza kutoka, kokoto zikilia chini ya viatu vyao. Aliogopa, aliogopa sana, ila sauti yake haikurudi kuwa ile ya kuomba chumvi.

Mzee alikuwa bado amesimama na nyundo yake juu. Ilikuwa nyundo ya kilo saba, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni.

"Mwanangu, inaniponyoka."

Miguu ya msimamizi ilitaka kurudi nyuma. Akaipeleka mbele. Akalizunguka jiwe, akakipokea kichwa cha nyundo kwa mikono miwili, akakishusha taratibu mpaka kifuani pake.

"Achia. Sasa nenda."

"Na wewe je?"

"Nenda, baba. Mimi natoka wa mwisho."

Mzee akatii. Msimamizi akabaki pale, nyundo kifuani, akizihesabu hatua za mzee mpaka avuke kamba.