Kodiro wa Bernadeta

Katika toleo la kwanza la gemu lile la ngumi, Kodiro alikuwa adui mtupu: kofia ya chuma, kicheko, basi. Katika la pili watengenezaji wakamtoboa jicho, wakampa na kisa cha kaka aliyeuawa. La tatu ndilo Bernadeta alilolipenda, maana Kodiro wa humo hujifunza. Ukipigana naye anayashika mapigo yako, kesho anakurudishia mwenyewe.

Bernadeta aliendesha banda la gemu Keko, ubavuni mwa karakana ya mumewe, Kornelio, fundi vitanda. Wateja wakipungua alipigana na Kodiro, hadi akamgeuza awe kama yeye: anarudi nyuma, anarudi nyuma tena, kisha teke la chini lisilo na huruma. Halafu ugonjwa wa mapafu ukamzidi. Hospitalini wakasema oksijeni ipo stoo, ila mkubwa mwenye ufunguo yuko semina. Kornelio hajamsamehe hata mlinzi wa getini.

Tangu mazishi, kila akiweka randa chini anaingia bandani kupigana na mkewe. Mwezi wa kwanza alichapwa kila siku, akafurahi.

Leo Nassibu, mshona masofa wa jirani, kaja na toleo la nne.

"Kaka, humu Kodiro kaokoka! Anampigia magoti adui yake, wanakuwa marafiki."

"Nani kamtuma asamehe? Wakubwa hao hao. Toa takataka yako."

"Haya, yaishe. Nipe hiyo padi ya kuchezea basi, nionje kichapo cha shemeji."

Akacheza. Katikati ya pambano akaangua kicheko.

"Huyu siye shemeji! Anakuja mbele kama ng'ombe, ngumi ya kulia, ngumi ya kulia. Ni wewe huyu, kaka!"

Kornelio akasogeza stuli. Kweli. Wiki tatu hizi alikuwa akishinda, akadhani mkono wake umekolea.

"Ukimshinda linakuja swali hili," Nassibu akasema akionyesha skrini, kicheko kimemkauka. "Wewe unabonyezaga nini?"

"Cha kijani. Si ndiyo kuendelea?"

"Linauliza, nifute mapigo ya zamani nishike mapya? Kijani ni ndiyo."

Kornelio aliishia darasa la nne. Akayakodolea macho yale maandishi.

"Kizungu tena! Wanaandika makusudi. Hata karatasi za hospitali nilitia dole gumba hivi hivi." Akamgeukia Nassibu. "Mfundishe upya. Mke wangu kakupiga miaka miwili humu, cheza kama yeye."

Nassibu akajaribu. Akarudi nyuma, akasita, vidole vikamgomea.

"Kaka, mie nilikuwa naangalia mtu wangu tu kwenye skrini. Mikono ya shemeji sikuiangalia."

Wala Kornelio hakuiangalia. Enzi hizo alikuwa nje akigonga misumari, akimfokea apunguze sauti.

Akaichukua padi, akaiweka sakafuni. Kwenye skrini Kodiro akaja mbele, akaanza kumtwanga mtu wa Kornelio aliyesimama tu, mikono chini.

"Kaka, jikinge basi!"

"Mwache," alisema Kornelio. "Mwache anipige."