Wazazi wa Nywele

Jumamosi asubuhi, kabla wageni hawajafika, Mama Teodosia, mpishi wa makao ya watoto, alipasha maji, akamkalisha Nayra kwenye kigoda uani na kumwosha nywele. Upepo wa El Alto, mji wetu wa juu milimani Bolivia, ulikuwa ukipeperusha vumbi kama kawaida yake, kwa hiyo aliziosha mara mbili. Kisha akazigawa mafungu madogo madogo, kila fungu akalifunga utepe wa rangi yake. Nayra alitulia. Alikuwa na miaka minne, na alikwisha kukatwa nywele za kwanza mara nyingi sana.

Kwetu huku mtoto hukatwa nywele za kwanza mara moja tu. Wageni wanaitwa, kila mmoja anakata fungu lake, analiweka kwenye sahani pamoja na fedha, na tangu siku hiyo anakuwa baba au mama wa nywele wa mtoto huyo. Fedha ni za mtoto. Kwa fedha hizo hununuliwa kondoo jike, ili mtu aanze maisha na chake. Kabla ya hapo mtoto hahesabiwi kuwa mtu kamili. Yupo yupo tu, hajaamua kama atakaa.

Nayra alifika kwenye makao ya watoto ya Mzee Plácido nywele zake hazijaguswa, amembeba mgongoni mdogo wake Griselda, mchanga wa miezi michache. Mama yao alikuwa amekwenda Argentina kushona nguo, na hakurudi. Mwaka ule upepo uling'oa paa la bweni. Mzee Plácido alikwisha kuuza basi lake dogo ili anunue kiwanja, na hakubakiwa na kitu kingine cha kuuza. Akazikumbuka nywele za Nayra. Akaalika wachuuzi wa sokoni, madereva na wenye maduka, wakakata, paa likapatikana. Kesho yake Nayra aliamka nywele zimemfika kiunoni. Watu wakasema kumbe shughuli haijaisha, wakapanga siku nyingine.

Tangu hapo magodoro, choo na jiko vyote vilitoka kichwani mwa Nayra. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wageni walikuja kwa furaha, maana hakuna anayekataa kutoa akipigiwa tarumbeta na kumiminiwa bia. Mji ukajaa baba na mama zake wa nywele. Walimpungia mkono sokoni, walimpa pipi, walimwuliza anaendeleaje na kuondoka kabla hajajibu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumkaribisha kwake japo kwa bakuli la supu. Na kwa kuwa nywele zake za kwanza hazikuisha, Nayra hakutoka kwenye miaka minne. Wenzake aliofika nao waliota ndevu.

Griselda, yule mchanga wa mgongoni, sasa alikuwa anatimiza miaka kumi na minane, na mtu wa umri huo haruhusiwi tena kuishi makaoni. Alikuwa amepata kazi kwenye duka la mikate na chumba cha kupanga. Alimwita Nayra dada, kama inavyopasa kumwita aliyekutangulia kuzaliwa, hata pale alipokuwa akimpenga kamasi.

Katikati ya wiki hiyo, kabla ya shughuli, aliingia jikoni, akamkuta Mama Teodosia akikamua maji kwenye viazi vya kukaushwa kwa baridi.

"Mama, Jumamosi fungu la kwanza nakata mimi."

"La kwanza ni la Don Eusebio, yule bwana wa mabati, mwanangu. Ameahidi mitungi ya gesi kipupwe chote."

"Don Eusebio ni nani wake? Siku zote wanaanza wageni. Damu ya dada haijawahi kukata hata unywele mmoja. Ndiyo maana zinarudi."

"Na zisiporudi?"

"Ndicho ninachotaka."

"Unachotaka nakijua. Nakuuliza hawa watoto watapikiwa na nini."

Griselda akasema fedha zote zile zilikuwa za dada yake, na mpaka leo hana hata kondoo mmoja.

"Kondoo wake wamo bwenini," Mama Teodosia akasema. "Wamevaa masweta."

Baada ya hapo wasiwasi haukumwacha. Aliweka chumvi kwenye supu, akasahau, akaweka tena. Alikuwa amemchana Nayra miaka yote hiyo na alimpenda kama wa tumboni mwake. Aliogopa nywele zitarudi. Akiangalia foleni ya watoto na mabakuli yao, aliogopa hazitarudi. Hofu mbili hizo zilimpokezana kutwa, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu Mzee Plácido alikuwa na zake.

Jumamosi hiyo wageni walijaa ua. Don Eusebio alikuja na kofia mpya, akapewa kiti cha mbele. Tone la bia likamwagwa chini kwa ajili ya Mama Ardhi, tarumbeta zikanyamaza, na Mzee Plácido akanyanyua sahani yenye mkasi. Griselda akauchukua kabla haujamfikia mtu.

"Binti, kuna foleni," Don Eusebio alisema kwa upole.

"Niko kwenye foleni tangu nikiwa mgongoni mwake, mzee."

Mzee Plácido alimtazama Mama Teodosia. Neno moja tu la yule mama lingetosha kumzuia, kwani mbele za watu Griselda hakuwahi kumbishia. Mama Teodosia akamshika Nayra mashavuni asitikisike, akamchagulia Griselda fungu la utosini.

Griselda akakata. Kwenye sahani hakuweka fedha, aliweka ufunguo wa chumba chake. Wageni wakafuata, mmoja mmoja. Don Eusebio alikata la mwisho na kutoa ahadi ya gesi ya wiki mbili. Mkono mtupu haulambwi, na uliojazwa nusu hulambwa nusu, kwa hiyo tarumbeta zikampigia wimbo mfupi.

Jumapili kichwa cha Nayra kiliamka kama kilivyolala, kimenyolewa. Alikula mkate, akaomba mwingine. Jino la mbele lilikuwa linacheza, na viatu havikumwingia tena. Mama Teodosia akamtafutia vya mtoto wa miaka sita. Griselda alifika na kanga ya mgongoni akaambiwa aharakishe, maana kwa kasi ile ya kukua, ikifika mchana asingeweza tena kumbeba. Mzee Plácido aliwapa blanketi na kujipangusa macho. Hakumlaumu mtu.

Ndipo Jhoselin alipotoka bwenini. Alikuwa na miaka mitano na alikwisha kukatwa nywele zake za kwanza, kijijini kwao, na bibi aliyekuja kufa baadaye. Sasa zilikuwa zinaburuzika sakafuni, na aliyemfuata nyuma alizikanyaga. Watoto wakampisha kwenye benchi. Mzee Plácido aliweka kikombe chini.

Jhoselin hakuketi. Alikwenda mezani, akachukua mkasi, akampelekea Griselda.

"Nikate na mimi, dada."

Griselda aliushika. Kila mtu mle ndani alijua kwamba kukata kwa mkono wa ndugu ni pamoja na kumchukua mtoto nyumbani.

"Chumba changu kina kitanda kimoja," alisema.

"Mimi mdogo. Sijazi."

Griselda alisimama pale mpaka uji ukapoa mezani. Mshahara wa duka la mikate aliujua, kodi aliijua. Aliurudisha mkasi kwenye sahani, akamfunga Nayra mgongoni na kutoka bila kumwangalia mtu. Aliona haya, na haya hiyo aliibeba pamoja na dada yake hadi kituoni.

Mzee Plácido alituma habari sokoni siku hiyo hiyo. Wachuuzi wakajibu watakuja, tena kwa moyo mmoja. Don Eusebio peke yake alituma mtu kuuliza kwanza kama huyu naye ana ndugu yeyote.

Akajibiwa hana.

Akasema basi, mitungi ya gesi wataiona Jumatatu.