Ua Alilokuja Nalo Faki

Kadi zilianguka mezani polepole kama sufi, kila moja na picha ya mti. Bi Mwanatatu akaziinamia kwa jicho la kushoto, lile ambalo mtoto wa jicho hajalifunika lote. Mkomamanga. Mkrismasi. Akatikisa kichwa.

Mamake alizikwa Jomvu Kuu, yeye akiwa kigori. Wanawake hawafuati jeneza, kwa hiyo alibaki uani na shangazi zake. Jua lilikuwa limeshapinda kakake Faki aliporudi makaburini, kiganjani ana ua jekundu na jani lenye umbo la moyo. "Mama tumemlaza chini ya mti huu," akasema. Kisha wakachukuliwa kulelewa Likoni, na Faki akafariki kabla hajamwonyesha kaburi.

Kila anapozuru, huenda asubuhi, umande haujakauka, na kila mara hakuna mti wenye ua jekundu. Makaburi hayana majina. Mawe yamezama majanini. Basi husoma Fatiha kando ya njia, kama mgeni aliyepiga hodi asijue aingie chumba gani. Ndotoni mamake humjia, maua mekundu mabegani, anamtegea vitendawili asivyoweza kuvitegua. Sasa macho yalikuwa yakifungika. Alitaka akae naye angalau mara moja, angali akiona.

Jerioth, mpangaji wake kutoka Taita, alikuwa karani katika ofisi moja ya Changamwe iliyohifadhi picha za mimea katika kadi hizo. Pembezoni mwa kila kadi palitobolewa matundu: la rangi ya ua, la umbo la jani, la mahali mti unapoota. Mti wenye sifa fulani, tundu la sifa hiyo hukatwa hadi ukingoni likawa wazi. Ukipitisha sindano ya kufumia katika tundu hilo la kadi zote pamoja na kuinua, kadi za sifa hiyo huanguka zenyewe.

"Kama vitendawili," Bi Mwanatatu alisema.

"Basi tega, bibi."

"Ua jekundu, jani moyo."

Jerioth akapitisha sindano, kisha akapitisha ya pili. Hakuna kilichoanguka.

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Wundanyi."

"Kuna baridi kule. Nitalala na nani?"

Wakacheka, lakini kicheko cha bibi kiliishia njiani. Jerioth akazigeuzageuza kadi, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama Faki alilichuma ua lile au aliliokota.

Bi Mwanatatu akafumba macho. Alikiona kiganja cha kakake, na mchanga ulionata kwenye ua.

"Aliliokota."

"Basi rangi tuiache." Jerioth akatumia jani la moyo na ardhi ya maji ya chumvi, kama ya kando ya hori la Jomvu. Ikaanguka kadi moja: mti wa maua ya manjano.

"Huu mtakawa, mwanangu. Huu nimeuegemea kule makaburini nikivaa viatu."

Jerioth akasoma nyuma ya kadi: ua hufunguka manjano asubuhi, hugeuka jekundu kuelekea jioni, huanguka.

Kesho yake Bi Mwanatatu alikwenda Jomvu baada ya sala ya alasiri. Chini ya mtakawa nyasi zilikuwa nyekundu kwa maua. Akavua viatu, akakaa, akasoma alichokuja kusoma. Upepo wa hori ulinyamaza.

"Mama," akasema, "nilishindwa siku nyingi. Nakupa Jomvu. Yote."

Akakunja mikono, akangoja aambiwe jibu. Juu, ua moja lilikuwa bado halijamaliza kubadilika.